Kontena Linalojisemea

Mie sijawahi kuwa mtu wa siasa, wala sikuwahi kugombea hata ukatibu wa kwaya, lakini kwa masika nzima nilipika maharage ndani ya mali ya ubia kati ya Jiji na kampuni binafsi. Bwana afya alikula humo, mwenyekiti wa mtaa alikula humo, na wote wawili waliomba nyongeza. Nikisimulia habari hii wanangu huangaliana, mmoja akasema, "Mama leo kaamka nayo." Sikuamka nayo. Nimelala nayo miaka yote hii na haijanipungukia hata kipande.

Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani Mikocheni, kiwanda cha umma cha biskuti, meza ya kufunga pakiti. Mashine ikiharibika tulikaa, ikitengenezwa tulifunga, na mwisho wa mwezi tulilipwa kwa yote mawili. Kisha ikaja soko huria. Biskuti za nje zikajaa madukani, za krimu, tamu kweli, hata sie tuliokuwa tunafunga za kwetu tukawa tunawanunulia watoto zile za nje. Haikupita muda tukakusanywa uwanjani tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mbia, na mbia hapendi watu wengi. Tukapunguzwa. Nilikasirika mpaka nikasahau kurudisha aproni, na sikuirudisha hata nilipokumbuka.

Kiinua mgongo changu nikakigeuza masufuria. Wenzangu walinunua makochi, mmoja alinunua redio kubwa kama kabati. Mie nikanunua sufuria moja ambalo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na mengine madogo ya kulisindikiza, sahani za bati, mabenchi, na pipa la maji. Nikafungua banda la mama ntilie Tandale, pembeni mwa soko, mahali ambapo wabeba magunia wanakuja na njaa ya kweli, siyo ile ya kuchagua. Yale masufuria ndiyo ilikuwa miaka yangu yote ya kiwandani imegeuka kitu cha kushika kwa mikono. Yakipotea, mie na watoto wangu hatukuwa na kingine. Nalisema mapema ili usije ukanicheka mahali pasipostahili.

Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mzee mrefu wa kanzu na baraghashia, mstaafu wa bandarini. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na sijui kama vijana wa siku hizi wanajua utani ulikuwa na nguvu gani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, na wewe unacheka. Anaingia kwako anaondoka na kuku. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuuvuruga msiba: anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe haki yake. Na huyo huyo ndiye aliyechimba hilo kaburi, akachota maji na kupasua kuni tangu alfajiri.

Siku ya kwanza alipokuja kula kwangu nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba kwa heshima zote, akaketi, akaanza kula. Aliposikia lafudhi yangu akauliza kwetu wapi. Nikamwambia.

"Kumbe," akasema, akiisogeza sahani mbali kidogo. "Babu zenu walifika hapa na meno ya tembo vichwani, wakaonja maji ya bahari, wakauliza nani kazidisha chumvi. Na leo nakula mkononi mwenu."

"Na babu zenu," nikamjibu, "tuliwakuta wamelala chini ya mnazi wakisubiri nazi ianguke yenyewe. Mpaka leo mnasubiri."

Akairudisha sahani karibu, akala mpaka chini. Tangu siku ile hatukusemeshana vizuri tena, na hakukuwa na mtu mtaani niliyemwamini zaidi yake.

Sasa, pembeni mwa banda langu kulikuwa na kiwanja cha wazi, na kwenye kiwanja hicho mtaa mzima na nusu ya soko walitupa taka. Zamani gari la Jiji lilikuwa linakuja kuzoa. Kisha likawa linakuja kwa kusukumwa. Kisha haliji. Maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, nyanya zilizooza, vyote vikapanda kilima, na inzi wake wakawa wateja wangu wa kwanza kila asubuhi.

Bwana afya wa kata alikuwa kijana mnene mwenye miwani, mpole, mwenye aibu. Asubuhi alikuja kama bwana afya, mchana alikuja kama mteja. Asubuhi aliniambia, "Mama, lile jaa likibaki pale, itabidi nikufungie. Kipindupindu kikitokea hapa mimi ndiye nitakayeulizwa." Mchana aliniambia, "Mama, nyongeza ya mchuzi." Nilimuuliza hivi atakula wapi akishanifungia. Alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Ndipo tukaitwa mkutanoni kusikia habari njema. Jiji limeingia ubia na kampuni. Kampuni ilimleta kijana wa tai, mtaalamu, msafi kiasi kwamba alisimama juu ya gazeti ili asichafue viatu. Akatuchorea ubaoni. Kampuni italeta kontena la taka la kisasa. Jiji litatoa kiwanja, na gari la kampuni litazoa. Na kontena lenyewe, akasema, siyo bati tu kama mnavyofikiri. Chini lina springi. Taka zikijaa, uzito unazikandamiza springi, na juu kinapanda kibendera chekundu. Kila Jumatatu gari litapita barabara kubwa, dereva atatazama. Kibendera kikiwa juu, analichukua. Kikiwa chini, anapita zake, hapotezi mafuta. Hakuna kupiga simu, hakuna kumbembeleza mtu.

"Yaani," akasema, "hili ni kontena linalojisemea."

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja wa nyuma akauliza kama linasema Kiswahili. Mtaalamu akacheka, bibi hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Kontena likaletwa. Kusema haki lilikuwa zuri. Kijani kibichi, kubwa kama chumba cha kupangisha, limefunikwa juu kwa bati, na nyuma lina milango miwili ya chuma iliyofunguka kama ya kabati la bibi harusi. Rangi bado ilikuwa inanukia. Juu kwenye kona palikuwa na fimbo fupi na kile kibendera kimelala. Wakaliweka pale kiwanjani, kati ya jaa na banda langu, wakaondoka. Nikasema moyoni, haya, nimepona.

Kesho yake asubuhi nikabeba ndoo yangu ya maganda, nikaenda. Nikamkuta mwenyekiti ameketi mbele ya milango kwenye kiti chake cha kukunja, ametoka nacho nyumbani. Nyuma yake, kutoka mlango huu hadi huu, ulikuwa umefungwa utepe mwekundu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kutupa taka."

"Humu?"

"Kwani ni nini hili, mzee, si kontena la taka?"

"Ni kontena la taka," akasema, "lakini halijazinduliwa. Mgeni rasmi anakuja. Unataka mgeni rasmi akute kontena chafu?"

Nilidhani ni utani. Nikasubiri acheke. Hakucheka, alinionyesha jaa kwa kidole, na mie nikamwaga ndoo yangu jaani, hatua chache kutoka kontena tupu linalong'aa.

Tarehe ikatangazwa. Mtaa ukachachamaa. Mwenyekiti akasema haiwezekani mgeni rasmi aje kuzindua usafi mahali pachafu, kwa hiyo lile jaa liondoke. Lakini liende wapi, maana kontena ndilo hilo haliguswi? Vijana wakakodiwa na mikokoteni, wakalihamishia mtaa wa jirani, nyuma ya ofisi ya mwenyekiti mwenzake. Sie tukafagia. Tulifagia mpaka udongo wa juu ukaisha, tukafika kwenye udongo ambao haujaona jua tangu Tandale iwe Tandale.

Asubuhi ya siku yenyewe turubai limesimama, viti vya kukodi vimepangwa, meza kuu ina kitambaa na maua ya plastiki, matarumbeta yanajaribiwa. Mwenyekiti akawa anapitia ratiba na kamati. Wageni kuwasili, dua, risala, mgeni rasmi kukata utepe, mgeni rasmi kutupa taka ya kwanza. Hapo akaishusha karatasi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Taka iko wapi?" akauliza.

Hatukuwa na taka. Mtaa mzima ulikuwa mweupe kama sahani iliyolambwa. Kamati ikatuma mtu mtaa wa jirani kuomba kidogo, na yule mwenyekiti mwenzake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefungua dirisha la ofisi yake, akatutumia majibu ambayo sitayaandika hapa. Ikabidi tutengeneze. Yakanunuliwa machungwa sokoni, wanakamati wakapangwa mstari wakala haraka haraka ili maganda yapatikane. Mama mmoja akasema maganda peke yake yanaonekana kama ubahili, yachanganywe na majani ya mgomba. Majani yakaletwa, yakafutwa vumbi. Vyote vikapangwa kwenye ungo mpya, ukafunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, na akateuliwa mwanamke wa heshima wa kumpelekea mgeni rasmi akiwa amepiga magoti. Mie nilikuwa napika wali wa meza kuu. Nilicheka mpaka nikauunguza, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunaniuma.

Mgeni rasmi hakuja. Tulikaa chini ya turubai mpaka wapiga matarumbeta wakadai chakula. Jioni akaja kijana na baiskeli kusema mkubwa amepata dharura, tarehe mpya itatangazwa. Kesho yake asubuhi nilipofika bandani, mtaa wa jirani ulikuwa umeturudishia jaa letu lote, na nadhani waliongeza na la kwao.

Tarehe mpya ikatangazwa, ikaahirishwa. Ikatangazwa nyingine, nayo ikaahirishwa. Mwenyekiti akawa anashinda pale kwenye kiti chake, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, analinda kontena la taka lisiingie taka. Mtu akipita na ndoo alimkemea. Kuku akiruka ndani alimfuata mwenyewe, ameinua kanzu, anainama chini ya utepe. Na kila Jumatatu lile gari la kampuni lilipita barabara kubwa, kweli kabisa, bila kukosa. Dereva alipunguza mwendo, akatazama kibendera kimelala, akaenda zake. Siku moja nilikimbilia barabarani nikamsimamisha. Nikamwonyesha jaa limefika usawa wa paa langu.

"Mama," akasema, "mkataba wangu ni wa kilichomo ndani ya kontena. Hicho cha nje sikijui."

"Na ndani hawaruhusu kutia."

"Basi tutaonana Jumatatu," akasema, na akatia gia.

Masika ikaanza. Jaa likaanza kutembea, lilishuka taratibu na kuingia chini ya mabenchi yangu. Mtaa wa tatu kutoka kwetu watu wakaanza kuharisha. Bwana afya akaja asubuhi, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Mama, leo nimekuja kukufungia."

Nilikaa chini kwenye tope. Nilimfikiria mwanangu wa mwisho na ada yake, nikalifikiria lile sufuria kubwa limefunikwa uvunguni mwa kitanda bila kazi, nikaona sasa nimepunguzwa mara ya pili, na safari hii hakuna uwanja wa kusomewa majina. Bwana afya naye akachuchumaa karibu yangu. Tulikaa hivyo wawili, na mchana ukafika bila mmoja wetu kula.

Aliyekuja kusimama mbele yetu ni mwenyekiti.

"Mnyamwezi kapata msiba," akasema. "Kafiwa na nani, punda?"

Nikamwambia. Sikumtania, na hapo ndipo alipoelewa kwamba mambo ni mazito. Alirudi kwenye kiti chake, akalitazama kontena. Kisha akaniita.

"Ndani humu," akasema, akigonga kontena kwa fimbo yake, "ndipo mahali pasafi kuliko pote katika kata hii. Mvua haiingii, inzi hawana cha kufuata. Ingia upike. Lakini masharti: usitie taka, ufagie kila jioni, na tarehe ikitangazwa utoke mara moja. Na utepe asiukate mtu. Utepe ni wa mgeni rasmi."

Bwana afya akasimama, akaingia akiinama chini ya utepe, akapitisha kidole kwenye chuma, akakitazama kidole. Akatoka akiwa na uso wa mtu aliyesamehewa. Alisema kitaalamu hana pingamizi.

Ndivyo nilivyohamia. Majiko mlangoni moshi utoke, pipa kwenye kona, mabenchi pande zote mbili. Wateja walilazimika kuinama chini ya utepe kuingia na kuinama tena kutoka, wanaume wazima wenye mabega ya magunia, wote wanainama kama wanaingia kwa mfalme. Sifa zikaenea. Watu walitoka Manzese kuja kula "kontenani". Mvua ilipiga bati, sie ndani kukavu, maharage yanachemka, na hatua chache nje lile jaa linaendelea na maisha yake. Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha. Mwenyekiti alihamishia kiti chake ndani, kando ya mlango, akasema analinda vizuri zaidi akiwa ameshiba.

Ikaja Jumatatu ya mvua ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Nilikuwa nimejaza pipa. Nilikuwa nimeingiza mkaa wangu wa mwezi na magunia ya mchele ya jirani mfanyabiashara, aliniomba yasilowe. Mchana wabeba magunia wote wa soko wakakimbilia kwangu, wakajaa, waliokosa benchi wakasimama na sahani mikononi. Bwana afya alikuwa kati yao, amebanwa kwenye pipa, anakula. Nikasikia chini kitu kinalia kama kitanda cha zamani. Nikadhani ni benchi.

Hatukuona kibendera, maana sie tulikuwa ndani. Aliyekiona ni dereva.

Nilisikia injini, nikasikia mtu anapiga filimbi, nikasikia mnyororo unagonga chuma. Kisha kontena lote likainuka upande mmoja. Wabeba magunia wana akili za haraka, waliruka nje wote kwa mpigo, na hakuna aliyeacha sahani. Bwana afya alikuwa wa mwisho, aliteleza na maharage mpaka mlangoni akaanguka nje ameketi, sahani ameishika sawa, haikumwagika. Mwenyekiti alinivuta kwa khanga, la sivyo ningekwenda na sufuria. Yule dereva alishuka, akaufungua utepe fundo kwa makini, akamkabidhi mwenyekiti, akafunga milango miwili, akabana komeo. Masufuria yangu yote yalikuwa ndani.

Na watu je? Watu wa mtaa waliokuwa barazani walisimama wakapiga makofi. Gari la taka lilikuwa limekuja.

Mwenyekiti akasimama mbele ya gari, kanzu imelowa imemganda. "Halijazinduliwa," akamwambia dereva. Dereva akamwonyesha kibendera, kiko wima, chekundu, kinapepea. Mwenyekiti akasema humo hamna taka. Dereva akasema springi hazidanganyi. Akatuambia kama tuna la kusema tupande mbele, tutaongea huko huko dampo, yeye yuko nyuma ya ratiba. Tukapanda. Njia nzima nilikuwa nasikia sufuria langu kubwa linajigonga nyuma ya kichwa changu, na nililia bila kujificha.

Dampo tulikuta msimamizi na mwavuli. Dereva akarudisha gari nyuma mpaka ukingoni, akafungua milango ili amwage. Nikamwomba anipe vitu vyangu. Msimamizi akasema hapana: kitu kikishaingia kontenani ni mali ya kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua kama ni taka. Mwenyekiti akarudia kwamba kontena halijazinduliwa, kwa hiyo kisheria bado halijawa kontena, kwa hiyo kilichomo bado hakijawa taka. Msimamizi akasema hoja ni nzuri ila ipelekwe makao makuu. Akampa dereva ishara amwage.

Hapo yule mzee akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni. Akamwamuru dereva asubiri. Akapanda kontenani kwa mikono, umri wake ule, akaingia katikati ya maharage na mkaa, akajinyoosha chali kando ya sufuria langu, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Mimi mtani wake," akasema. "Sitoki. Nipeni haki yangu, au mwageni na mimi."

Dereva akazima injini. Wakati ule hakukuwa na mtu mzima asiyewahi kumwona mtani amelala kaburini, na hakuna aliyethubutu kumfukia. Akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama mwavuli wake. Waokotaji wa chupa wakasogea, mmoja akavua kofia. Mwenyekiti kule ndani akaanza kuniiga ninavyolia, kwa lafudhi ya Tabora, ananiita mjukuu wa meno ya tembo, analiambia sufuria pole kwa kufiwa na akili ya mwenyewe. Nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka, nikashindwa kujua ni kipi kimeanza.

"Kwani haki yako nini, mzee?" dereva akauliza.

"Masufuria."

Akayapata. Dereva mwenyewe alisaidia kuyashusha, na magunia ya mchele, na kiti cha kukunja. Sufuria kubwa lilikuwa limebonyea upande mmoja, na mpaka leo liko hivyo. Gari likarudi na kontena tupu kulipeleka yadi ya kampuni, kwa sababu kibendera kilikuwa kimekwama juu na ilibidi lifanyiwe matengenezo. Halikurudi Tandale. Kiwanjani pale lilipokuwa limesimama pakabaki mraba msafi, mkavu, na asubuhi yake mie nikawahi kabla ya mtu yeyote na ndoo yake, nikaweka mafiga.

Mwenyekiti alinipa ule utepe. "Kaa nao," akasema, "iko siku nitakuzindua nikuzike." Nikamwambia atatangulia yeye, mie nipo tu. Tukabaki hivyo, tunatukanana kila mchana, mpaka watoto wangu wakamaliza shule.

Alitangulia yeye. Niliamka alfajiri nikaenda msibani, nikapika kwenye sufuria lililobonyea, nikaosha vyombo, nikakata vitunguu vya msiba mzima. Jeneza lilipobebwa kutoka chumbani, wanaume wakakuta mlango wa mbele umefungwa utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo, umepauka, na mie nimeketi nyuma yake kwenye kiti chake cha kukunja.

"Hatoki mtu humu," nikasema. "Mgeni rasmi hajafika."

Vijana hawakujua wafanye nini. Wazee walijua. Mmoja akaanza kucheka huku amefunika uso kwa mkono, mjane ndani akacheka, nikasikia kicheko chake kinageuka kilio, na bwana afya, ambaye sasa alikuwa na mvi, alilia wazi wazi kama mtoto. Wakaniuliza haki yangu nini. Nikasema kiti. Wakasema kichukue, ni chako.

Nikasimama. Machozi yalikuwa yananizuia kuona fundo, nikalitafuta kwa vidole. Sikuukata. Niliufungua taratibu, nikaukunja, wakampitisha.